Waridi la damu ya mzee

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja ya mwezi Mei na hakungoja salamu ziishe. "Shangazi, nataka mawaridi meusi." Harusi ilikuwa Agosti, mjini Nakuru. Gauni lilikuwa limekwisha kupimwa, ukumbi umelipiwa nusu, na wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kukaa wakamaliza mazungumzo ya mahari. Kilichobaki, kwa maelezo yake, ni shada la mkononi tu. Shada lenyewe alikuwa amekwisha kuliona katika picha: mawaridi meusi ti, kama makaa, yameegemea kitambaa cheupe.

Nyuma yake nikasikia sauti ya mamake. "Wifi, mwambie huyu mtoto maua meusi ni ya matanga."

Nikawaahidi wote wawili kwamba nitalishughulikia. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ninaishi Nairobi, mwendo wa saa mbili kutoka Naivasha, katika nchi ambayo imekuwa ikilima maua ya kuuza ng'ambo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kama waridi jeusi lipo duniani, nilijiambia, litakosaje kupatikana hapa? Ilinichukua wiki tisa, na ninayoyaandika leo ni kwa ajili ya shangazi mwingine atakayepigiwa simu kama yangu.

Nilianzia Soko la Jiji, katika Barabara ya Muindi Mbingu, kwa wafungaji wa maua. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda akitoa miiba kwa kisu, ndoo za maji zimemzunguka. Nilipomweleza shida yangu aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Unataka jeusi la rangi au jeusi la shamba?"

La rangi alinionyesha kwanza. Ni waridi jeupe lililotiwa wino, ama kwa kuchovywa ama kwa kusimamishwa katika maji yenye rangi hadi shina likayanyonya na kuyafikisha kwenye petali. La shamba alilichomoa katika ndoo ya nyuma kabisa: tumba moja lililofumba nusu, jeusi, zito, lenye mng'ao kama mahameli. Moyo ulinidunda. Nikalichukua nikatoka nalo hadi mlangoni, penye jua, nalo likageuka jekundu mkononi mwangu. Nikarudi ndani, likawa jeusi tena. Yule mama hakusema kitu, alinitazama tu nikienda na kurudi, maana nadhani si mimi wa kwanza.

Waridi jeusi halipo. Si kwamba limeadimika au linafichwa na matajiri. Hakuna mtu aliyewahi kulizalisha. Mawaridi yote yanayoitwa meusi ni mekundu yaliyokolea mpaka jicho likashindwa kuyasoma, na sababu yake inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyoniokolea fedha baadaye.

Rangi ya waridi jekundu hutokana na kemikali za jamii ya anthosayanini, jamii ile ile inayoipa kabeji nyekundu rangi yake. Katika waridi, iliyo kubwa kati ya hizo ni sayanidini, ambayo ni nyekundu. Ipo ndugu yake, delfinidini, inayoyapa maua mengine rangi ya buluu na zambarau nzito, lakini waridi kwa maumbile yake halina uwezo wa kuitengeneza. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitumia miaka mingi kulipandikizia waridi jeni ya kutoka ua jingine ili lipate rangi hiyo. Walitangaza mafanikio mwaka 2004 na ua lenyewe likaingia madukani Japani mwaka 2009 kwa jina la Applause. Ukilitazama, utasema ni zambarau hafifu. Kama buluu tu imewapa watu wa maabara taabu kiasi hicho, weusi kamili ungetoka wapi?

Kwa hiyo waridi la giza ni wekundu juu ya wekundu. Petali hujaa sayanidini nyingi kupita kawaida, kisha ngozi ya petali yenyewe husaidia. Seli zake za juu zimechongoka kama vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, na nuru ikiangukia hapo hunaswa katika mabonde badala ya kurudi kwa mtazamaji. Ndiyo maana waridi la giza huonekana kama mahameli, na ndiyo maana hubadilika ukilitoa kivulini. Giza hilo ni la kweli, lakini linategemea mahali uliposimama.

Linategemea pia wakati. Tumba lililofumba ndilo jeusi zaidi, kwa sababu unachokiona ni migongo na kingo za petali za nje zilizopandana. Likifunguka, ndani hutokea wekundu. Na linategemea hali ya hewa: usiku wa baridi huikoleza rangi, joto huifubaza. Aina ile ile ya waridi, ikikatwa wakati wa jua kali la Februari, haitafanana na ilivyokuwa Julai. Picha aliyoiona mpwa wangu ilipigwa tumba likiwa limefumba, kivulini, na huenda kuna mkono uliopita juu yake baadaye kwa kompyuta.

Hapo nikakumbuka habari za Halfeti. Ni mji mdogo kusini mashariki mwa Uturuki, kando ya Mto Frati, ambao sehemu yake kubwa ya zamani ilizama chini ya maji ya bwawa la Birecik mwaka 2000. Mji huo una sifa duniani kote kwa mawaridi yanayosemwa kuwa meusi kabisa, na picha zake husambazwa kila siku. Mawaridi ya Halfeti yapo na ni mazuri, lakini rangi yake ni nyekundu ya giza, kama ya binamu zake wengine. Yeyote anayekuuzia mbegu za waridi jeusi la Halfeti anakuuzia hadithi. Hata mbegu zenyewe zingekuwa za kweli, mawaridi ya bustani hayazalishwi kwa mbegu ukapata ua lile lile. Huzalishwa kwa kipandikizi au kwa kubebesha.

Watu wamelifukuzia giza hili kwa muda mrefu. Wekundu mzito usiopauka uliingia katika mawaridi ya Ulaya baada ya mawaridi ya China kufikishwa huko mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1845 Mfaransa Jean Laffay alitoa waridi dogo la rangi ya zabibu nyeusi akaliita Nuits de Young, kwa heshima ya mshairi Mwingereza Edward Young aliyesifika kwa shairi refu la mawazo ya usiku. Mwaka 1963 likatoka Papa Meilland, kutoka kwa familia ya Meilland ya Ufaransa. Mjukuu alilipa waridi hilo jina la babu yake. Hilo lina giza na lina harufu ya kumfanya mtu asimame njiani. Katika miaka ya 1990 Wajerumani wa Tantau wakaleta Black Magic, linalodumu sana katika maji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 familia ile ile ya Meilland ikaleta Black Baccara, ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lililokaribia weusi kuliko yote yanayokatwa kwa ajili ya mashada. Halina harufu ya kutajika.

Ninayataja majina haya kwa makusudi. Katika wiki zangu za kwanza nilikuwa nikiingia dukani nikiuliza "mawaridi meusi" na kila mtu ananionyesha kitu chake. Siku nilipoanza kuuliza kwa majina, mazungumzo yalibadilika. Wengine walikiri hawajui wanachouza kinaitwaje, na sikuwalaumu. Shamba linajua jina la kila kitanda, kwa sababu linamlipa mzalishaji wa aina hiyo haki yake kwa kila mche. Kenya iliingia katika mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, mwaka 1999. Ila maua yanayofika katika masoko yetu ya mjini mengi ni yale ambayo hayakufaa kusafirishwa, shina fupi au lililopinda, na njiani jina hudondoka. Linabaki "red" na bei.

Nikaamua kwenda shambani kwenyewe. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, lakini rafiki anayefanya kazi ya kusafirisha maua alinishauri nipande zaidi, hadi Timau, kaskazini mwa Mlima Kenya, ambako mashamba yako juu ya mita 2,000. Kule usiku ni wa baridi, waridi hukua polepole, kichwa huwa kikubwa na rangi hukolea. Nilikodi gari na mpwa wangu akaja nami, amevaa koti la baba yake.

Msimamizi wa vivungulio aliyetupokea alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatutazama kama watu waliokuja shambani kutafuta magugu. Kwake petali kuwa nyeusi ni hasara. Katika miinuko ile jua la mchana lina miale mikali ya urujuanimno, na miale hiyo ikikutana na ubaridi wa usiku, petali za nje za mawaridi mekundu huungua kingo zikawa nyeusi. Mnunuzi wa Ulaya akiona kingo nyeusi hudhani ua limezeeka, analikataa. Kwa hiyo mashamba hufunika vivungulio kwa plastiki maalumu inayochuja miale hiyo. Kitu alichokuwa akikililia mpwa wangu, watu hawa walikuwa wakilipa fedha ili kukizuia.

Nilimwona binti akinyong'onyea. Yule bwana naye alimwona, nadhani, maana alitupeleka hadi kivungulio cha mwisho na kutuonyesha tofauti, kwa subira ya mwalimu. Weusi wa kuungua huanzia ukingoni, hauko sawa, na ukiupapasa petali ni kavu kama karatasi. Weusi wa uzao umeenea petali nzima, laini, na unapungua taratibu kuelekea ndani. Wa pili ndio tuliokuwa tukiutafuta, na vilikuwepo vitanda kadhaa vya Ever Red, jekundu la giza, lenye kichwa kikubwa, migongo ya petali za nje ikikaribia weusi.

Mpwa wangu alichuchumaa mbele ya ua moja kwa muda mrefu. "Si jeusi, Shangazi," alisema. Kisha, baada ya kitambo, "Lakini ni zuri kuliko lile la picha."

Laiti ningalikwenda Timau kwanza. Kabla ya hapo, kwa hofu ya kukosa kabisa, nilikuwa nimenunua mawaridi kumi ya wino kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara, niyajaribu nyumbani. Aliniapia kwamba rangi haitoki. Niliyaweka katika chupa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Asubuhi maji yalikuwa ya buluu, kitambaa kilikuwa na doa la ukubwa wa sahani, na vidole vyangu vilikaa na rangi hadi Jumanne. Nikawaza gauni lile, na mikono ya bibi harusi inayotoka jasho akisubiri kuitwa madhabahuni, na nikashukuru kwamba lililoharibika ni kitambaa cha meza. Bibi harusi asishikishwe ua la wino. Katika hili sina maneno mawili.

Shida iliyobaki ilikuwa ya wifi. Tulirudi na mashina matatu ya mfano, tukampelekea Nakuru. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu ya sayanidini. Sikuyahitaji. Aliyapokea maua, akayageuza mwangani, akasema, "Kumbe ni damu ya mzee! Si mngesema."

Damu ya mzee. Kila fundi wa nguo kutoka Kisumu hadi Tanga anaijua rangi hiyo. Sare za shule zimeshonwa nayo, viti vya sebuleni vimefunikwa nayo, na wifi mwenyewe alikuwa na suti ya rangi hiyo aliyoivaa siku mtoto huyu anabatizwa. Tulikuwa tumezunguka miezi miwili na neno "jeusi", neno la kuazima kutoka katika majina ya biashara ya wazalishaji wa Ulaya, ilhali lugha yetu ilikuwa na jina sahihi la rangi hiyo miaka yote. Jeusi ni la matanga. Damu ya mzee ni ya karamu. Siku hiyo ugomvi wa mama na binti uliisha, na mimi nikaanza kuuliza sokoni kwa jina hilo, na niliowauliza wakaelewa mara moja.

Kuna aliyenikumbusha jambo jingine ambalo sikulifikiria. Jirani yangu ni mama wa Mombasa, wa Mji wa Kale, na nilipomwonyesha yale mashina, kabla hajatazama rangi aliinama akanusa. Akanirudishia. "Hili halina kitu." Kwa watu wa mwambao waridi ni harufu kwanza: ni marashi katika mrashi wa fedha, ni petali ndani ya kikuba pamoja na asumini na rihani. Huko Omani, katika vijiji vya Jabal al-Akhdar, mawaridi ya pinki yanayochumwa majira ya kuchipua hulimwa kwa ajili ya marashi hayo hayo, na hakuna anayeyauliza urefu wa shina. Mawaridi ya kukatwa yamezalishwa yadumu safarini na katika chupa, na harufu ndiyo iliyotolewa kafara. Jirani alinipa dawa yake: tia asumini katikati ya shada. Tulifanya hivyo, vishada vidogo vya asumini mbichi vilivyotiwa asubuhi ile ile, na weupe wake ukafanya kazi ya pili ambayo hatukuitarajia.

Kazi yenyewe ni hii. Mawaridi ya giza yakikusanywa peke yake, kwenye picha huwa shimo. Huoni petali wala umbo, unaona doa jeusi kifuani mwa bibi harusi. Mpiga picha wetu alitutahadharisha mapema, na alikuwa na haki. Yanahitaji kitu cheupe au kijani hafifu pembeni ili jicho lipate pa kuanzia, na yanahitaji kupigwa picha penye nuru ya upande, si ndani ya ukumbi wa taa hafifu. Shada letu lilikuwa la mashina 20, na nadhani 15 yangetosha.

Kuhusu tarehe tulikuwa na bahati. Julai na Agosti katika nyanda za juu za Kenya ni baridi, kwa hiyo rangi ilikuwa imekolea. Na huko Ulaya ni kiangazi, watu wana maua ya bustani zao na oda hupungua, kwa hiyo shamba lilikuwa na nafasi ya kumsikiliza mtu anayetaka mashina 30. Anayefunga ndoa wiki ya kwanza ya Februari asitarajie huruma hiyo. Kabla ya Siku ya Wapendanao kila shina jekundu lina tiketi ya ndege, na mengi yake hayarudi nyuma kwa bei yoyote ya mjini.

Tuliyachukua Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi. Usiku mzima wa kwanza yalikaa katika ndoo ya maji safi hadi shingoni, chumba cha nyuma chenye ubaridi, baada ya kukatwa ncha upya kwa mshazari na kuondolewa majani yote ambayo yangezama. Ijumaa wifi alikuta mtu ameegesha mikungu miwili ya ndizi mbivu katika chumba hicho hicho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikapaza sauti nyumbani kwa kaka yangu. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua kabla ya siku zake. Ndizi zikahamishiwa jikoni. Jumamosi saa nne asubuhi mawaridi yalikuwa yamefunguka robo tu, kama tulivyotaka.

Alipotoka kanisani kwenda kwenye jua, shada lilibadilika mkononi mwake kama lilivyobadilika mkononi mwangu mlangoni pa Soko la Jiji. Watu waliokuwa karibu waliguna.

Nina ombi kwa mashamba na kwa wauzaji wetu wa mjini, na ni dogo. Andikeni jina la aina kwenye ndoo. Maua haya yanalimwa na mikono ya watu wetu, kwa maji ya maziwa na mito yetu, na mnunuzi wa Amsterdam analijua jina la ua analolinunua. Bibi harusi wa Nakuru naye anastahili kulijua. Nawe unayetafuta, nenda miezi mitatu mapema, uliza damu ya mzee, uliza jina, na kabla hujalipa, litoe ua nje ulitazame juani.